Pikapu ya duka na ya familia hapa Pemba: singo kabini, ekstra au dabo kabini?

Mwenye duka, Wete (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninaomba ushauri wenu kabla sijatuma fedha za gari. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Wete, na wateja wangu wengi wanajenga Gando, Konde na vijiji vilivyo kati yake, ambako mzigo hushushwa mlangoni mwa mteja na si ukingoni mwa barabara. Ninachopeleka ni saruji, mabati ya mita 3, mbao za futi 12 na mabomba ya maji. Msimu wa karafuu ukiingia ujenzi hushika kasi kwa sababu watu wana fedha mkononi, na siku hizo hizo nami nahitaji gari ya kuchukulia karafuu kavu za shamba la familia hadi kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Mpaka leo nakodi gari za watu, na kodi hiyo inanila faida.

Linalonitatiza ni kwamba gari hiyo hiyo ndiyo itakayokuwa gari ya nyumbani. Tuna watoto watatu wanaokwenda skuli, na mama yao ameshasema bayana kwamba hataki kumuona mtoto wake amekaa nyuma kwenye bodi, iwe jua au mvua. Nimevutiwa na Hilux, pikapu ya Toyota, ambayo huja kwa singo kabini (safu moja ya viti), ekstra (viti vifupi nyuma ya vile vya mbele) au dabo kabini (safu mbili kamili na milango minne), lakini kila ninayemuuliza anaisifu aliyonayo yeye. Mwenye dabo kabini anasema singo ni gari ya kibarua, na mwenye singo anasema dabo ni gari ya maofisa isiyo na bodi. Ningefurahi kupata jibu la mtu anayezijua zote.

Fundi bodi, Chake Chake

Waalaykum salaam ndugu yangu. Tuanze na vipimo, maana maneno mengi ya barazani huisha mkanda wa kupimia ukishatolewa. Kwa Hilux ya kizazi kilichoanza mwaka 2015, sakafu ya bodi ya singo kabini ina urefu wa karibu mita 2.3, ya ekstra karibu mita 1.8, na ya dabo kabini mita 1.5 na ushei. Gari nzima, kutoka mbele hadi nyuma, ina karibu mita 5.3 kwa aina zote tatu, na umbali baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma haubadiliki, ni mita 3.085. Kwa hiyo nafasi yote anayopewa abiria imekatwa kwenye bodi, na anayekwambia kwamba singo ni nyepesi kugeuza katika njia nyembamba za shamba hana hoja, angalau kwa Hilux hizo.

Sasa lipakie bati lako la mita 3. Mlango wa nyuma wa bodi ukilazwa huongeza karibu nusu mita, hivyo kwenye singo bati linalala mita 2.8 na kinachotokeza nje ni sentimita 20 tu. Kwenye ekstra zinatokeza sentimita 70, na kwenye dabo kabini mita nzima inaning'inia. Mbao ya futi 12, yenye mita 3.66, kwenye dabo itatokeza zaidi ya mita moja na nusu, na hapo minyororo inayoushika mlango wa nyuma inabebeshwa uzito usiokuwa wake. Nimeshawachomelea wengi milango iliyopinda kwa sababu hiyo.

Saruji ina hesabu nyengine kabisa. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani moja, nayo karibu pikapu zote hizi zimetengenezwa kubeba kiasi cha tani moja hivi, pamoja na watu waliomo ndani. Wakikaa watu wazima watano wenye kilo 70 kila mmoja, kilo 350 zimeshaondoka kwenye hesabu ya mzigo, na mifuko inayobaki ni 13. Mifuko 13 inaenea bila ya taabu hata kwenye bodi fupi ya dabo. Kwa hivyo saruji huishia kwenye uzito kabla haijaishia kwenye nafasi, ilhali bati na mbao huishia kwenye urefu kabla gari haijahisi kitu. Hapo hujanieleza bado: kipi kati ya hivyo unakipeleka mara nyingi zaidi?

Bi mwani, Micheweni

Fundi amesema kweli, ila ameusahau mzigo wa aina ya tatu, ule unaojaza bodi mpaka juu ilhali springi hazijashuka hata kidogo. Mimi nakusanya mwani mkavu, na kwangu singo kabini haina mpinzani, kwa kuwa nimeizungushia kuta za mbao na magunia yanapangwa mpaka juu ya kichwa cha gari. Mwenye makumbi au magodoro atakwambia hayo hayo. Karafuu kavu ziko katikati, zina uzito wa haja na zinataka nafasi pia.

Nina neno moja kuhusu usafi, kwa sababu umetaja karafuu na saruji katika gari moja. Karafuu hupangwa madaraja pale kituoni, na unyevu au uchafu hukushusha daraja, basi siku ya karafuu bodi ioshwe, ikauke, itandikwe turubai chini na nyengine juu. Chumvi ndiyo adui mkubwa zaidi. Ukikubali hata siku moja kumbebea mtu samaki au mwani mbichi, maji yake yataingia kwenye maungio ya bodi na kutu itaanza mahali usipopaona, kwa hiyo ioshe kwa maji matamu siku hiyo hiyo, na chini ya gari pia.

Kuhusu watoto, mkeo yuko sahihi na wala asikubali kushawishiwa. Bodi haina mkanda wala kitu cha kumzuia mtoto dereva akikanyaga breki ghafla, na zile kona na miteremko ya njia ya kwenda Konde wote tunazijua.

Kijana wa Mtambile

Kaka, mbona mnazunguka mbali? Nunua keri, ile pikapu ndogo ya Suzuki. Bodi yake ina karibu mita 1.9, yaani ni ndefu kuliko ya dabo kabini, kuta zake zinafunguka pande tatu, na mafuta inayotumia ni kidogo sana kwa injini ya sisi (cc) 660.

Fundi bodi, Chake Chake

Mdogo wangu, kuhusu urefu wa bodi umesema kweli, na wengi hawalijui hilo. Lakini keri, ambayo wenzetu wa Bara wanaiita kirikuu, kiwandani imepewa kilo 350 tu, ambazo ni mifuko saba ya saruji, na watu wawili ndani. Kwa mwenye genge la mboga ni gari nzuri mno. Kwa mwenye saruji ya kupandisha milima ya Pemba wakati wa masika, njia imelowa na udongo unateleza, difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, haitamaliza mwaka.

Mwalimu mstaafu, Mkoani

Mheshimiwa mwanzisha uzi, mimi ninayo ekstra kabini, nami nitakueleza uzuri wake na upungufu wake bila ya kuipamba. Nyuma ya viti vya mbele kuna nafasi ambayo kwangu ina thamani kuliko viti vyenyewe: naweka mashine ya kupigia dawa, mbegu, vyombo vya ufundi na mikoba ya sokoni, vyote vikiwa vimefungiwa ndani na havipati mvua. Bodi ya mita 1.8 inatosha kwa mashamba yangu.

Lakini usidanganywe na neno viti vinne. Hivyo vya nyuma ni vifupi, egemeo lake limesimama wima, na mtu mzima akikaa hapo kutoka Mkoani mpaka Wete atateremka amekufa ganzi. Milango ya nyuma, kwa zile zilizo nayo, hufunguka kinyume na haifunguki mpaka wa mbele afungue mlango wake kwanza, jambo ambalo asubuhi ya skuli, watoto wakiwa na haraka na mvua inanyesha, linachosha. Na kwa familia yako hesabu yenyewe haikubali: ninyi ni watano, nafasi ni nne. Ekstra ni ya mtu mwenye mtoto mmoja au wawili wadogo, au asiye na abiria kabisa ila ana vitu vya kufungia. Kwako wewe naiona kuwa itakukosesha pande zote mbili.

Mwagizaji, Unguja

Naongeza machache kwa upande wa ununuzi. Kila kampuni ina jina lake kwa kabini hiyo ya katikati: Nissan huiita King Cab, Mitsubishi Club Cab, Isuzu Space Cab, na Toyota ya Thailand Smart Cab. Soma picha, usisome jina pekee. Mkitafuta Hilux mpya mpya kutoka Japani mtaona dabo kabini tu, kwa sababu Toyota iliacha kuiuza Hilux huko mwaka 2004, na ilipoirudisha mwaka 2017 iliirudisha kwa umbo hilo moja. Singo na ekstra za karibuni zenye usukani wa kulia hutafutwa Thailand au Uingereza. Za Uingereza zichunguzwe chini kwanza, maana barabara zao humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na Bi mwani ameshaeleza chumvi inafanya nini.

Mwenye duka, Wete

Nimewashukuru nyote, na kwa Mwalimu nasema ekstra nimeshaiweka kando. Swali la Fundi lilinirudisha kwenye daftari la duka, na nilichokiona sikukitarajia. Nilidhani mabati ndiyo kazi yangu kubwa, kumbe mteja huezeka mara moja tu, tena huchukua mabati yote ya nyumba pamoja, mzigo ambao hata singo kabini isingeumaliza kwa safari moja. Saruji ndiyo anayoirudia kila apatapo fedha, mifuko mitano leo na minane mwezi ujao, kwa muda wa miaka. Mbao ziko kati na kati, na mabomba ni mepesi.

Kwa hiyo moyo umeelekea dabo kabini. Mabati ya nyumba nzima na nondo nitaendelea kukodi kenta na kumuonesha mteja gharama yake kwenye risiti, na kwa saruji nitaweka sharti kwamba siku ya mzigo hapandi mtu ila dereva na mpakiaji. Kinachobaki ni mbao chache za futi 12 na mabomba ya mita 6. Je, nikitengenezewa keria ya chuma inayoanzia juu ya kichwa cha gari na kuishia nyuma ya bodi, itafaa?

Bi mwani, Micheweni

Umeamua vyema kwa watoto. Magunia ya karafuu uyafunge kwa kamba kila safu, maana kwenye bodi fupi utalazimika kuyapandisha juu, na mzigo mrefu wa kwenda juu huyumba kwenye kona.

Fundi bodi, Chake Chake

Keria itafaa, lakini si kwa namna uliyoieleza. Kichwa na bodi ni vipande viwili vilivyofungwa kwenye chesisi (fremu ya chini ya gari) kila kimoja peke yake, na ule mwanya mwembamba ulio kati yao umewekwa kwa sababu vinacheza gari ikipita kwenye mashimo. Ukivifunga pamoja kwa chuma kimoja, ama keria itakatika kwenye maungio, ama bati la paa litapasuka. Inayofaa ni keria ya nguzo nne zilizosimama kwenye bodi pekee, iliyoinuka kuliko paa kwa kiasi cha kupitisha kiganja, na boriti zake za mbele zitokeze juu ya kichwa bila ya kukigusa. Mabomba yatalala hapo juu, nusu mbele nusu nyuma.

Juu weka vitu vyepesi tu. Saruji ikae kwenye sakafu, ipangwe kuanzia ukuta wa mbele wa bodi na kurudi nyuma, kwa kuwa kwenye dabo kabini sehemu kubwa ya bodi iko nyuma ya ekseli, na mifuko ikilundikwa mlangoni itainyanyua pua ya gari hata usukani uwe mwepesi, hatari ambayo utaiona kwenye mteremko wenye tope. Majani ya springi usiyaongeze mapema kama wanavyofanya wengi, maana gari itawatingisha watoto kila siku ambayo haina mzigo. Gari ikishuka bandarini Mkoani niletee hapa Chake pamoja na mbao moja ya futi 12 na bomba moja, tuvipime juu yake kabla sijakata chuma.