Riba ya mkopo wa nyumba yatolewa kwa kodi? Nisaidieni kabla ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kujaza

Mwana wa Kibokoni: Assalam aleykum wajumbe. Mimi ni mwajiriwa, nakatwa PAYE, kodi ya mshahara, kila mwezi, na nina mkopo wa nyumba benki, mwaka wa 2025 riba tupu imekula shilingi 340,000. Nasikia yatolewa kwa pato kabla hujapigiwa kodi, ni kweli? Niko saiba ya intaneti hapa Mwembe Tayari, Mombasa, kijana ashafungua iTax, mtandao wa ushuru wa Kenya, ukurasa wa J, wa riba ya nyumba, nshaujaza mpaka namba ya akaunti, bado kutuma tu. Siku ya tatu sina usingizi.

Bi Shanuo: Waaleykum salaam kakangu. Kwanza ungeuliza hiyo riba yenyewe ni halali? Marehemu mume wangu alijenga Likoni kwa mawe ya mshahara, leo kumi, mwezi ujao ishirini, miaka tisa, na hatukudaiwa na mtu.

Karani Mstaafu: Bi Shanuo, hakuuliza hilo. Kijana, ni kweli. Kikomo kilikuwa 300,000 kwa mwaka, sheria ikabadilishwa mwisho wa Desemba 2024 ikawa 360,000, kwa hivyo yako yaingia yote. Lakini huregeshewi 340,000, hupunguziwa pato tu, ukiwa kwenye asilimia 30 utaokoa 102,000. Na iwe nyumba moja, nawe uwe unaishi ndani. Waishi ndani?

Mwana wa Kibokoni: Hati iko kwa jina langu.

Karani Mstaafu: Sijauliza hati.

Mwana wa Kibokoni: Haya. Iko Bamburi, ina wapangaji tangu Januari mwaka jana, 28,000 kwa mwezi. Mimi niko Kibokoni kwa mama, miguu yamsumbua, nimwachie nani? Lakini niliinunua niishi, si biashara! Na kijana wa saiba asema watu wote hujaza tu.

Wa Tuktuk: Kijana wa saiba ndiye atakayeitwa? Mimi nilijaziwa sifuri, kama sina pato, na huku naajiriwa, kuja kurekebisha nilizunguka mwezi mzima.

Karani Mstaafu: Basi riba hiyo usiiweke kwa J. Tena pango lako kwa mwaka ni 336,000, limepita kiwango cha 288,000, kwa hivyo wadaiwa kodi ya asilimia 7.5 ya pango lote, 2,100 kila mwezi, isipite tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hapo gharama hazitolewi. Ukitaka riba itolewe kwa pango, waandikie KRA, mamlaka ya ushuru, kwamba watoka mpango huo, ufanye hesabu ya mwaka.

Jicho la Mji: Ngojeni kwanza. Si huyu Februari alikuwa akitafuta chumba Kisauni kisizidi elfu sita? Leo ana nyumba Bamburi? Stori imetungwa hii, ama ni mtu wa ushuru atuvua.

Bi Shanuo: Astaghfirullah, nami nshataja Likoni.

Mwana wa Kibokoni: Chumba kilikuwa cha shemeji yangu! Wallahi barua ya benki hii hapa mkononi, imelowa jasho mpaka muhuri umeenea.

Jicho la Mji: Piga picha basi, namba ufiche.

Mwana wa Kibokoni: Saiba wafunga. Nimemwambia afute J. Lakini je, wapangaji wakitoka Septemba, Oktoba nikahamia na mama?

Karani Mstaafu: Utadai ya miezi mitatu utakayoishi, isizidi 30,000 kwa mwezi.

Bi Shanuo: Na huko Bamburi ni orofa ya ngapi, mwanangu?

Mwana wa Kibokoni: Ya tatu.