Nimetoka Singida hadi Toronto kuja kuuziwa MTAMA!

Wakuu, mods msiupeleke uzi huu jukwaa la vichekesho. Nina hasira kweli.

Jumamosi nimenunua mfuko wa chakula cha ndege, kilo nane, kwenye duka moja kubwa hapa Toronto. Duka silitaji. Juu ya mfuko kuna picha ya ndege wa huku aitwaye kadinali, mwekundu, anang'aa kwenye theluji. Nikajaza kilishio, nikakitundika uani, nikakaa dirishani na chai yangu. Chikadii, kindege kidogo cha huku, akatua, akachomoa punje, akaitupa. Akachomoa nyingine, akaitupa. Dakika kumi nzima anatupa tu, kama mtu anayetafuta nyama kwenye pilau la msiba.

Nikamwaga bakuli moja kwenye sinia, nikachambua kama mchele. Mtama! Mtama mwekundu, ngano, na alizeti za kuhesabu. Mimi huyu niliyekulia Singida, niliyeamka alfajiri kufukuza kwelea kwelea kwa kombeo na debe, leo natoa dola zangu kununua mtama, halafu ndege wa huku hawautaki! Kule tuliomba Mungu wasile.

Na msiniambie "ni ndege tu". Chikadii ana gramu 11 hivi. Januari mwanga wa hapa ni masaa tisa tu, na usiku inabidi ashushe joto la mwili ili mafuta aliyokusanya mchana yamfikishe asubuhi. Huyo ndiye wa kumpotezea muda akichakura takataka? Mtama wenyewe umeanguka chini, umeleta panya. Jirani kanigongea mara mbili. Mwenye nyumba kanitumia ujumbe wa HERUFI KUBWA.

Jumapili nikaenda Lake Ontario kupoza moyo. Msimu huu bata mkia-mrefu wameshuka kutoka Aktiki, hawa ambao wanaweza kupiga mbizi hadi mita 60, na wakiibuka wanapayuka kama wambea kibarazani. Nimeshika darubini, vidole sivisikii kwa baridi. Akatokea jamaa na mkate wa slaisi mfuko mzima, anawarushia bata wa kichwa kijani, tena pembeni ya kibao kinachokataza! Mbwa wake hana kamba. Kaingia majini, na wale wa mbizi wote wakaruka, wakaenda kutua mbali hata darubini haiwafikii.

Nikamwambia kaka, mkate unawajaza tumbo tu, hauna lishe ya kutosha. Akanijibu, "Wana njaa." Wana njaa! Waliokuwa wanakula si ndio mbwa wako kawafukuza?

Sikumjibu. Nilikuwa nishamalizia matusi yote kwenye ule mfuko.

Aliye huku anayejua zinapouzwa alizeti nyeusi tupu, zisizochanganywa na kitu, aje PM na bei. Mfuko wa mtama bado ninao, zimebaki kilo saba, na nimeanza kuutazama kwa jicho la ugali.