Shilingi 1,340 nisizokopa zimenitia CRB, kwenye kumbukumbu za wasiolipa mikopo, na benki miaka yote ilikuwa na nambari yangu ya simu!

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naandika na hasira zangu, mnistahimilie. Wiki iliyopita nimekosa pesa za mashini ya boti kwa sababu ya shilingi 1,340. Pesa hizo sikuziomba, sikuzitia mkononi, na hadi wiki iliyopita sikujua kama zipo duniani.

Mimi ni mtu wa Amu (Lamu), kazi yangu kuvusha watu kwa boti. Uwanja wa ndege wa Manda kuja mjini, mjini kwenda Shela, siku nyingine Mokowe. Mashini niliyo nayo ni ya farasi 15 na imechoka. Wakati wa kusi ilinizimikia katikati ya mkondo, ndani ya boti mna mama mjamzito na bintiye mdogo, maji yanatusukuma tu, hadi mwenzangu mmoja alipotuona akaja na kamba. Yule mama hakunena neno mpaka tulipofunga gatini. Nilipofika nyumbani nikaapa kaskazi haitanikuta na mashini ile.

Basi nikaomba murabaha ya 350,000 (benki inakununulia kitu, nawe unawalipa kidogokidogo pamoja na faida yao) nipate ya farasi 40. Boti yangu mwenyewe, leseni ipo, wadhamini wawili wameweka sahihi. Afisa akaingiza nambari yangu ya kitambulisho, akanyamaza, akanigeuzia kompyuta. "Sheikh, una akaunti ya benki nyingine iko hasi. Jina lako limepelekwa CRB tangu 2022."

Akaunti yenyewe ni ya Malindi. Nilifanya kazi hoteli kule hadi Machi 2020, corona ikaja, hoteli ikafungwa, tukaambiwa kila mtu arudi kwao. Mshahara wangu ulikuwa ukipitia benki moja kubwa, jina silitaji. Nilipoondoka niliacha ndani shilingi 312. Nikasema zikae, hoteli ikifunguliwa nitarudi. Haikufunguliwa.

Nikauliza kwa simu, wakanijibu niende tawi langu. Tawi langu! Boti hadi Mokowe, basi la alfajiri, Witu, Garsen, vizuizi vya polisi njia nzima, Malindi. Nauli ya kwenda na kurudi peke yake imepita deni lenyewe. Nikapewa taarifa ya akaunti kurasa tatu na nikaisoma palepale nimesimama, mstari kwa mstari. Aprili 2020, ada ya mwezi 60. Mei 60. Juni, Julai, Agosti, 60, 60, 60. Zikabaki 12. Septemba wakakata 60 kwenye shilingi 12! Akaunti ikawa hasi 48. Hapo mtu mwenye akili angesimama. Wao wakaendelea, na chini ya kila 60 ukatokea mstari mpya: riba ya ovadrafti, shilingi 2, kisha 3, kisha 5. Ovadrafti ipi? Nani aliiomba? Wanakata ada yao kwenye mfuko mtupu, halafu huo utupu wanauita mkopo wangu, kisha wanaudai riba.

Sasa tazameni hapa, na hapa ndipo damu inaponichemka. Kanuni za CRB za mwaka 2020 zinasema deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi CRB. Mwisho wa 2021 langu likafika 1,009. Wakaliacha likue hadi Mei 2022, likawa 1,340, wakafunga hesabu, mwezi uliofuata jina langu likaenda. Kama wangesimama pale kwenye 48, leo nisingekuwa na uzi wa kufungua hapa jukwaani.

Binti wa kaunta, namshukuru hakuwa na kiburi, akaniambia, "Kaka, mfumo ndio unaokata wenyewe." Nikamuuliza, na ile ilani ya siku 30 ambayo benki lazima impe mtu kabla ya kupeleka jina lake? Akatafuta, akasema barua ilitumwa. Wapi? Sanduku la posta la hoteli. Hoteli iliyofungwa tangu 2020, mlango una kufuli, bustani imeota magugu. Nikatoa simu yangu nikamwonyesha ujumbe kutoka benki hiyohiyo: salamu za Idd, miaka miwili mfululizo. Tangazo la kadi mpya. Tangazo la mkopo, wallahi, wakinikaribisha nikope, na huku wameshaniandika mdaiwa sugu! Kwa Idd nambari yangu wanaijua. Kwa deni hawaijui.

Nikawauliza pia kuhusu kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kile kinachotumika tangu 2007, kwamba mkopo ukishakuwa mbovu riba haiwezi kupita kiasi kilichokuwa kinadaiwa wakati huo. Meneja akasema sehemu kubwa ya hizi si riba, ni ada. Ikiwapendeza ni mkopo, isipowapendeza ni ada.

Nimelipa. Nililipa palepale kwa sababu kaskazi hainisubiri. Nikadhani yamekwisha, kumbe kulipa hakufuti. Rekodi inageuka kuwa "limelipwa", lakini habari ile mbaya inakaa miaka mitano kutoka siku uliyolipa. Miaka mitano kwa shilingi 1,340.

Linaloniuma zaidi ni kwamba ningejua mapema. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila kampuni ya CRB, na zilizo na leseni ya Benki Kuu ni tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mimi sikuwahi kuomba hata moja. Novemba 2022 Benki Kuu ilipotoa ule mpango wa waliokopa kwa simu walipe nusu wasafishwe, hadi mwisho wa Mei 2023, hapa gatini vijana walikuwa wanahimizana. Mimi nikakaa kando nikijua sidaiwi na mtu. Najua deni langu halikuwa la simu, mpango ule haukunihusu, lakini ningeangalia tu jina langu siku ile ningejua.

Na kwa kuwa nataka haki lazima niseme na upande wangu. Afisa wa murabaha alinionyesha jambo jingine. Aliniomba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, akapiga mistari kwa kalamu. Pesa ya abiria inaingia saa tatu, saa tano haipo. Mafuta, samaki, karo, mchango wa harusi. Mwezi mmoja nilifuliza (M-Pesa inakukopesha salio lisipotosha) mara 19, na kila nikiingiziwa nauli, deni la kufuliza linaimeza kabla sijaigusa, jioni nafuliza tena kwa ada nyingine. Akasema hata kama jina lisingekuwa CRB, anayesoma karatasi hii anaona mtu asiyelala na hata shilingi mia. Hotelini nako nilikuwa hivyohivyo, advansi kila mwezi, mshahara wa tarehe 28 umekwisha tarehe 5. Hilo ni langu, na nimeanza kulirekebisha: nauli za asubuhi sasa zinaingia kwenye akaunti moja isiyoguswa hadi Ijumaa, na kufuliza nimejifungia. Lakini mazoea yangu mabaya hayaipi benki ruhusa ya kunizulia deni.

Pingamizi nimelipeleka CRB kwa maandishi, pamoja na taarifa ya akaunti na picha za zile salamu za Idd. Nakala nimeipeleka Benki Kuu. Nataka wafute rekodi yote, si kuandika "limelipwa", kwa sababu ilani sikupewa na deni lilitengenezwa na ada zao.

Nyinyi mlioacha akaunti za mishahara Malindi, Watamu, Mombasa wakati wa corona, hasa watu wa mahoteli, nendeni mkaziangalie leo. Kama huihitaji, ifunge kwa barua na ubaki na nakala yenye muhuri. Usiiache na shilingi 300 ukidhani imelala.

Na aliyewahi kupinga deni la ada kama hili akafutiwa kabisa, naomba aniambie alitumia maneno gani kwenye barua yake na ilimchukua siku ngapi. Muuza mashini ameniwekea ile ya farasi 40 hadi mwisho wa mwezi. Jana nimepita dukani kwake, bado iko ndani ya sanduku lake, amebandika jina langu juu kwa karatasi.