Mrejesho: Wosia nimeshaandika

Wakuu, niliuliza nifanyeje ili mtoto wa kambo, niliyemlea tangu ana miaka miwili, asije akafukuzwa siku nikifa. Nashukuru kwa majibu, hata kwako uliyesema najichuria.

Nilianza kwa shehe. Kumbe kwa mirathi ya Kiislamu mtoto wa kambo si mrithi, ila naweza kumuusia mpaka theluthi moja ya mali, baada ya kutolewa gharama za mazishi na madeni. Nimemwandikia fremu ya duka ya mbele, haifiki hata theluthi. Mashahidi wawili, ndugu mmoja na jirani, wote hawarithi kitu. Wosia uko RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na mke wangu anajua.

Kilichonishtua ni fomu ya mafao kazini: bado ina jina la mama, niliijaza kabla sijaoa, na mama tulimzika 2019! Nimeshabadilisha.

Kiwanja ndiyo kazi imebaki. Nilinunua kwa karatasi ya serikali ya mtaa tu, hati sina, sasa nafuatilia upimaji. Kaka yangu mkubwa kanuna, anauliza nina haraka gani. Nimemwacha kwanza.