Wakuu, rupia ya tembo ya Mjerumani naipima wapi?

Kapuku Halisi: Wakuu habari za jioni. Nina sarafu ya dhahabu, 15 Rupien, mwaka 1916. Upande mmoja tembo kainua mkonga, nyuma yake mlima. Upande wa pili tai. Nataka kujua kama ni orijino, ina ubora gani, na wapi naweza kuipima bila kupigwa. Picha hiyo hapo. Silali, naombeni msaada wa haraka. Nawasilisha.

Mpiga Debe: Inavuta punje za mchele kama sumaku, kama wanavyodai kwa rupia za zamani? Kama haivuti, kanunulie karanga.

Mama Pilau: Mchele usinikumbushe jamani. Shemeji yangu aliuza ng'ombe kutafuta rupia ya kuvuta mchele, mnunuzi akawa "anashuka kesho" mpaka leo. Sasa hivi mchele anakuja kuula kwangu.

Sarafu Kongwe: Mchele tuuache. Hizo zilipigwa Tabora kwenye karakana ya reli, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke, kwa sababu Mwingereza alishafunga bahari na pesa za Ujerumani haziingii. Zilitoka elfu kumi na sita na kidogo tu, Wabelgiji wakauteka mji Septemba mwaka huohuo. Mkuu, iweke kwenye mzani wa sonara: isome karibu gramu 7.17, upana milimita 22. Shaba ya ukubwa huo haifiki hata gramu 5. Kisha ining'inize kwa uzi ndani ya maji, uzito upungue nusu gramu hivi. Asiisugue kwenye jiwe, wala wewe usiing'arishe na dawa ya meno. Halafu tuambie, kinachokunyima usingizi ni nini?

Kapuku Halisi: Sonara kapata 7.1. Ila ukingoni, juu ya tembo, kuna kinundu.

Sarafu Kongwe: Hicho ni kiungo kilichochomelewa, ilikuwa kidani. NGC au PCGS, zile kampuni za kuthibitisha sarafu, wakiikubali wataandika kuwa ni halisi lakini ina kasoro, namba ya ile ngazi ya ubora ya 1 mpaka 70 hawakupi. Bei inashuka. Aliivaa nani?

Kapuku Halisi: Bibi. Alifariki mwezi wa tatu.

Mama Pilau: Pole sana mwanangu. Na mirathi mmeshagawana?

Kapuku Halisi: Hayo ya familia tuyaache.

Mpiga Debe: Ahaa!

Kapuku Halisi: Sikilizeni. Kuna jamaa kanipa laki nane za kishika uchumba, anaitaka Ijumaa. Bibi nilimuuguza mimi. Hao wengine walikuwa wanatuma vocha tu, leo ndio wawe warithi?

Ustadhi wa Tanga: Ndugu yangu, kuuguza kuna malipo yake kwa Mungu. Mali ya maiti hulipiwa deni kwanza, ukaja wasia, ndipo warithi. Rudisha hizo laki nane.

Jicho la Tatu: Jamani hii ni chai. Picha aliyoweka ni ya mnada wa Ulaya, nimeiona na kitambaa kilekile cha buluu. Na ikuzeni: kinundu kiko wapi?

Mpiga Debe: Chai ya maziwa, na tangawizi imo.

Kapuku Halisi: Kamera ya simu yangu imekufa! Nilichukua ya mtandaoni mjue ni aina gani. Asiyeamini apite.

Sarafu Kongwe: Basi tufanye ni kweli. Bibi ana picha amekivaa hicho kidani? Mnunuzi wa maana atauliza ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani, na picha ya zamani ndiyo hati yako.

Kapuku Halisi: Ipo. Imetundikwa sebuleni kwa shangazi.

Mama Pilau: Si ukamwombe?

Kapuku Halisi: Shangazi ndiye anayeitafuta hiyo sarafu.

Mpiga Debe: Kwa hiyo shangazi ana hati, wewe una tembo, na jamaa anadai laki nane zake.

Kapuku Halisi: Mimi niliuliza inapimwa wapi.