Naomba ushauri: binti yetu anataka kuishi kwa kupiga chelo

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Tuko Kampala. Mpwa wangu ninayemlea anamaliza Senior Six mwaka huu, na amesema wazi anataka kuwa mpiga chelo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa, katika okestra. Baba yake anataka asomee uhasibu Makerere. Moyo wangu uko upande wa mtoto, maana kila alfajiri namsikia akirudia kipande kimoja cha Bach mpaka kinyooke.

Hofu yangu ni riziki. Wapigaji ninaowajua hapa wanakula kwa kufundisha na kupiga harusini. Okestra ni mapenzi tu. Ulaya zipo okestra zenye mshahara, lakini nafasi moja hugombewa na watu wengi, na mara nyingi mtahiniwa hupiga nyuma ya pazia ili majaji wasimwone. Hilo la pazia, kwa kweli, linanipa matumaini. Mpiga chelo Mwingereza Sheku Kanneh-Mason alishinda shindano la BBC la wanamuziki vijana mwaka 2016 akiwa na miaka 17, ila alianza chelo akiwa na miaka sita. Wetu alianza sekondari. Je, amechelewa?

Halafu chelo anayotumia ni ya kuazima kanisani, na mbao zake zinaanza kuachana gundi. Nani anatengeneza vizuri, hapa au Nairobi?

Aliyesomea muziki, au mwenye mtoto aliyepita njia hii, naomba aniambie: asome uhasibu huku akiendelea na mwalimu, au aombe chuo cha muziki moja kwa moja? Baba yake anataka jibu kabla ya fomu za chuo kujazwa.