Mliosoma nje ya nchi, kituko gani kilikuumbua ambacho semina ya wageni haikukigusa hata kidogo?

Kalamu_Butu

Habarini wadau. Leo naomba tucheke kidogo maana muhula umenikaba kooni.

Ukifika chuo cha nje wiki ya kwanza unakalishwa semina, unaambiwa viza, bima, kufungua akaunti, usinakili kazi za watu bila kutaja chanzo, namba ya dharura, basi. Sawa, hayo ni ya maana. Lakini yanayokuumbua hasa hakuna anayekwambia, kwa sababu wenyeji wenyewe hawajui kama kuna kitu cha kuambiwa.

Mi niko Ujerumani. Lekcha ya kwanza profesa kamaliza, kafunga kompyuta yake, mikono yangu ishakuwa hewani nataka kupiga makofi, ghafla ukumbi mzima unagonga meza kwa konzi, ko ko ko ko. Aisee nilijua hapa mzee wa watu kawaudhi, nikaanza kutafuta mlango wa kutokea uko wapi. Kumbe ndo wanamshukuru! Na yeye kasimama pale anatabasamu. Sasa mi na mikono yangu hewani nikazuga najinyoosha.

Halafu ratiba. Imeandikwa 10 c.t., mi hizo herufi nikajua ni jina la ukumbi. Saa nne asubuhi kamili nimekaa mstari wa mbele peke yangu, hata taa hazijawashwa. Kumbe c.t. inamaanisha lekcha inaanza robo saa baada ya muda ulioandikwa, na ikiandikwa s.t. ndo inaanza hapo hapo. Utaratibu wa vyuo vya huko tangu zamani, kila mtu anaujua isipokuwa aliyefika jana.

Haya, nyie ilikuwaje? Ya kweli tafadhali, sio zile za kusimuliwa na binamu.

Tausi_wa_Maabara

Hahahaa hiyo ya c.t. ina mdogo wake. Rafiki yangu alivyoizoea ile robo saa ya bure akawa hawahi hata kwa dawa, sa mtihani ukaandikwa s.t., kaingia anajivuta na kikombe mkononi, wenzake washafungua ukurasa wa pili.

Yangu ni Uingereza. Kule swichi ya kawaida ya taa haiwekwi bafuni kwa sababu ya usalama, umeme na maji si ndugu, kwaiyo mara nyingi taa unawasha kwa kuvuta kamba inayoning'inia toka darini. Bwenini nishazoea, kamba ni kitu cha kuvuta. Siku hiyo niko maktaba, vyoo vyote foleni, nikaambiwa nenda kile kikubwa cha watu wenye ulemavu hakina mtu. Taa ikajiwasha yenyewe, nikafanya yangu, nikaanza kutafuta pa kuvutia maji. Kitufe sikioni. Kamba hii hapa, nyekundu, ndefu inakaribia sakafu. Nikavuta.

Ikaanza piii piii piii. Nikajua sijavuta vizuri, nikavuta tena kwa nguvu zaidi. Kumbe ni kamba ya kuomba msaada, inashuka mpaka chini ili mtu akianguka aifikie. Nasikia vishindo vya watu wanakimbia, mlango unagongwa, sauti ya kiume inauliza nimeumia wapi, nisisogee. Najibu niko sawa, anasema usiogope, ufunguo tunao tunafungua kwa nje. JAMANI NAVAA!! Yaani nilipiga kelele kwa lugha ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ipi.

Natoka nakuta wamesimama na kiti cha magurudumu. Foleni yote ya vile vyoo vingine imegeuka inanitazama. Yule kaka akanionyesha kwa upole kitufe cha kuzima kengele, kiko ndani karibu na mlango, akaniachia nikakibonyeza mwenyewe. Tangu hapo nikawa nasomea ghorofa nyingine mpaka namaliza shahada.

Mzee_wa_Alama

Dada hapo kwenye "navaa" umenimaliza.

Mi shida yangu maksi. Uingereza hiyo hiyo, insha ya kwanza nimepata 68. Nikamfuata mwalimu macho mekundu, nimejiandaa kuomba nirudie, ananipongeza. Nikaona huyu ananifariji tu. Kumbe kule 40 umefaulu, kuanzia 70 ndo daraja la kwanza, na 80 unaweza kumaliza chuo hujamwona mtu aliyeipata. Sa kumweleza baba kwenye simu ndo kazi. Nimemweleza weee, mfumo wote, madaraja yote, wastani wa darasa. Kanisikiliza mpaka mwisho halafu kaniuliza, "Na hizo thelathini na mbili umemwachia nani?"

Kipupwe

Afadhali wewe baba yako aliona namba kubwa. Mi Ujerumani nilimtumia mzee picha ya matokeo, 1,3. Huko 1,0 ndo juu kabisa, 4,0 ndo mwisho wa kufaulu, 5,0 umeanguka. Nimetuma nikasahau kueleza, nikaingia maabara, simu kwenye kabati. Natoka jioni nakuta meseji yake moja tu: "Mwanangu, afya kwanza. Masomo yapo tu."

Mama ndo usiseme, simu ambazo hazikupokelewa zilijaa ukurasa.

Stetoskopu

Nyie mmefaulu mkalia, mi nilijifelisha mwenyewe mchana kweupe. Nasoma udaktari Bulgaria. Huku mtu akitikisa kichwa kushoto kulia anasema ndiyo, akikiinua juu anasema hapana. Nililisikia mtaani nikacheka, nikajua nishalielewa. Kulielewa ni kitu kingine, ukiwa umekaa mbele ya mwalimu mkali mwili unafuata ulichozaliwa nacho.

Mtihani wa mdomo wa anatomia. Mama profesa ananiuliza misuli ya uso, ile ya kukunja sura na kutabasamu, inaendeshwa na neva ipi ya kichwa. Nikajibu ya saba. Anatikisa kichwa taratibu, kushoto, kulia. Moyo ukashuka tumboni. Nikasema samahani mama, ya tano. Akainua kidevu. Nikaona haaa, nimepatia! Nikaanza kufafanua sasa, neva ya tano hii, matawi yake matatu, namwaga tu, na yeye kidevu kinazidi kupanda ndo na mi nazidi kunogewa. Neva ya tano ni ya hisia za uso na misuli ya kutafuna, kila mwanafunzi anajua, na mi nilijua! Mwishoni kavua miwani, kaniuliza kwa nini umeacha jibu sahihi ukakimbilia baya tena kwa furaha. Nikamwambia ukweli, mama ni hicho kichwa chako. Alicheka mpaka mwenzangu aliyekuwa anasubiri nje akachungulia. Akanipa swali lingine, hilo nililijibu nimekodolea macho meza.

Ubaya mwingine, wapo wanaojua we mgeni wakakugeuzia makusudi ili uelewe, kwaiyo unabaki hujui huyu anatikisa kikwao au kikwetu. Siku hizi nasubiri mdomo.

Ngumu_Kumeza

Samahani lakini nusu ya hizi si vituko, ni kujishtukia tu. Hao wa foleni ya choo walishasahau kabla hawajafika nyumbani. Kituko ni kile kinachokugharimu.

Marekani walimu wanaandika kwenye silabasi saa zao za ofisi, mfano Jumanne saa nane mpaka saa kumi. Mi nikaelewa ndo muda yuko na kazi zake asisumbuliwe. Muhula mzima nikipita kwenye ile korido muda huo natembea kwa kunyata. Kumbe ndo muda wa kugonga mlango! Mwanafunzi yeyote, bila miadi, hata kama swali lako la kitoto, na wenzangu walivyofika wakati wa kuomba barua za kupendekezwa wao walishajulikana mpaka majina ya wadogo zao. Anayekwenda huko aandike hili mahali. Na tarehe wanaanza na mwezi, 04/05 ni Aprili tarehe 5, ukiichanganya kwenye siku ya kuwasilisha kazi hakuna wa kumlilia.

Tausi_wa_Maabara

Mkuu umenyata korido muhula mzima halafu unatuambia sisi ndo tunajishtukia 😂😂

Kigoda

Uholanzi. Nimealikwa bethidei ya mwenzangu darasani, kwao. Naingia sebuleni viti vimepangwa duara, watu wamekaa. Namtafuta mwenye siku yake, kabla sijamfikia bibi yake kasimama kanipa mkono, ananipongeza. MIMI. Halafu baba mtu, shangazi, kaka, wote hongera hongera. Nikajua kuna tangazo limenipita, labda ule ufadhili nilioomba umetoka na wamesikia kabla yangu. Kumbe kule hapongezwi mwenye siku peke yake, wanapongezwa na walio wake, na we ukiingia unalizunguka duara zima unampongeza kila mmoja kwa kuwa na huyo mtu. Basi nikazunguka, sikumwacha hata mmoja, yaani nimenoga kabisa, wa mwisho kasimama karibu na mlango nimemshika mkono kwa mikono miwili. Kaniambia yeye jirani wa juu, kaja kuazima ngazi.

Na kalenda ya siku za kuzaliwa wanaitundika chooni, ukutani mbele ya macho yako ukiwa umekaa. Baadaye kwenye nyumba tuliyopanga wanafunzi nikakuta wenzangu wameniandika kwenye ya kwetu, mwezi siyo. Nikauchuna. Siku ilipofika wakapanga viti duara, wakanipongeza, wakapongezana, na mi nikashukuru vizuri tu.

Popo_wa_Kaskazini

Nyie mna nguo wote kwenye hadithi zenu, subirini.

Finland, kikundi chetu cha utafiti kina jioni ya sauna, kile chumba cha joto kali mnachokaa kutoa jasho, msimamizi wangu wa tasnifu kasema karibu. Nikaenda na bukta ya kuogelea nikijiona nimejipanga. Chumba cha wanaume wote wamebaki walivyozaliwa, wanajadili bajeti ya mradi. Mmoja akaninong'oneza kwa adabu kwamba bukta humu haivaliwi. UNESCO wameiweka sauna ya Kifini kwenye orodha ya urithi wa utamaduni tangu 2020, kwaiyo mi na bukta yangu nilikuwa naharibu urithi wa binadamu wote.

Sasa piga picha, nyuzi 80, umekaa benchi la mbao na mtu anayesahihisha sura yako ya tatu, na yeye kachagua muda huo huo kukuuliza sampuli zimefikia wapi. Tena niseme, hakuna kikao nilichowahi kumweleza mambo yakanyooka kama siku ile. Balaa lilikuwa Jumatatu ofisini, kavaa sweta na miwani, mi sijui niangalie wapi, nikaongea na kalenda yake ukutani. Yeye hata wazo hana.

Nusu_Usingizi

Japani, katikati ya kipindi simu zote zikalia kwa mpigo, mlio mmoja wa kutisha, tahadhari ya tetemeko. Kufumba na kufumbua mi niko chini ya meza, begi kichwani, vilevile kama bango la maelekezo linavyosema. Jengo likayumba kidogo likatulia. Kule chini naona viatu tu. Hakuna kiatu kilichosogea. Wenzangu waliangalia taa za darini zinavyobembea, wakaona ah, ndogo hii, profesa kaendelea na mlinganyo wake ubaoni.

Kuingia chini ya meza si tatizo, tatizo kutoka. Nikaanza kuokota peni ambayo haikudondoka. Dada wa pembeni kwa heshima zao zile naye kainama kunisaidia kuitafuta. Akatafuta kweli. Ikabidi niichomoe mfukoni niidondoshe ili aipate.

Kalamu_Butu

😂😂😂 Niko kwenye treni, kuna mzee amehama kiti kwa ajili yenu.

Begi_Moja

Mi naondoka mwezi wa nane kwenda Sweden, shahada ya pili. Mmenitia hofu na kicheko kwa pamoja. Kuna wa huko humu? Nipeni moja tu la muhimu.

Mzee_wa_Zamu

Zamu ya kufua. Majengo mengi kuna chumba cha mashine cha wote, mara nyingi chini kabisa, unabuku muda wako kwenye ubao au mtandaoni. Ukipitiliza hata kidogo hakuna atakayekuja kukugombeza uso kwa uso, utakuta karatasi imebandikwa. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa na kamchoro ka uso unaotabasamu mwishoni, nikafurahi, nikajua nimepata rafiki kwenye jengo. Nikamwonyesha mwenzangu mwenyeji, kaisoma kashika mdomo: "Umemfanya nini huyu mtu?" Na ule uzi uzi unaobaki kwenye kichujio cha mashine ya kukaushia uutoe kila ukimaliza, hilo halina msamaha. Viatu pia wanavua mlangoni ukialikwa, soksi zenye matundu ziache huko huko.

Begi_Moja

Asante mzee. Nimewaandikia watu wa hosteli kuuliza kama naweza kubuku zamu kabla sijafika. Wamejibu haraka, heshima tele, hapana mpaka upewe ufunguo. Ila mwishoni wameweka uso unaotabasamu. Nimeshaharibu au?